Upele wa Mpanda Usisingiziwe Chapati
Mwandishi aliyetushauri tuache ngano kila tukijikuna amesahau chakula cha Katavi: ugali wa mahindi, muhogo, wali wa Mpimbwe. Humo gluteni, protini anayoilaumu, haimo. Makazi yake ni ngano na shayiri. Ugonjwa wa ngozi anaoutaja, unaochochewa na gluteni, upo kweli. Duhring wa Marekani aliueleza mwaka 1884: vilengelenge vya kuwasha viwikoni, magotini, matakoni. Lakini ni wa nadra. Muwasho ukizidi usiku, katikati ya vidole, na nyumba nzima ikajikuna, shuku kwanza kidudu kinachochimba ngozi; dawa hupakwa wote kwa pamoja. Tena, hata ukishuku ule wa gluteni, ukiacha chapati kabla ya kupimwa damu, kipimo kinaweza kudanganya. Maandazi ya stendi yana dhambi zake, mafuta mojawapo. Hii si yao.