Marhamu Bila Maelezo

Ni jambo lisilopingika kwamba msitu wa Kakamega umekuwa ghala la dawa la wenyeji tangu jadi. Kando ya msitu huo, Kikundi cha Hifadhi cha Wakulima wa Muliru kimedhihirisha kuwa dawa hiyo yaweza kulimwa shambani badala ya kuchumwa msituni. Wakulima hao hupanda Ocimum kilimandscharicum, mmea wa jamaa moja na kivumbasi, wenye harufu kali ya kafuri. Majani huchemshwa, mvuke ukapozwa, na mafuta yakaelea juu ya maji. Mafuta hayo ndiyo yaliyozaa marhamu iitwayo Naturub, na mwaka wa 2010 kikundi kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta na UNDP pamoja na washirika wake.

Mfano huo ni wa kuigwa. Hata hivyo, anayetaka kujitengenezea marhamu jikoni kwake hukabiliwa na kizuizi kisichohusu mmea wala fedha. Kizuizi hicho ni lugha. Vichupa vya mafuta ya mimea viuzwavyo madukani aghalabu hubeba maonyo ya Kiingereza, tena kwa herufi ndogo. Mama wa Shinyalu hubaki kuamini pua yake: kinachonukia vizuri hudhaniwa kuwa salama.

Waama, dhana hiyo ni ya hatari. Mafuta haya yasipopunguzwa nguvu huweza kuchoma ngozi. Kwa mililita 100 za mafuta ya nazi na nta ya nyuki, mililita 2, yaani matone kama 40, humtosha mtu mzima. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa maganda huweza kuunguza ngozi inayopigwa na jua. Kafuri ikipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga huweza kutatiza pumzi yake, na ikimezwa huleta degedege. Aidha, krimu iliyotiwa maji bila kihifadhi huota ukungu na vijidudu upesi, ilhali marhamu ya mafuta na nta pekee hudumu zaidi.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kueleza mambo haya. Madai hayo hayana mashiko. Marhamu, kafuri, nta, tone, ukungu na degedege ni maneno ya siku nyingi, nayo yametosha kueleza hatari zote zilizotajwa hapo juu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika kwenye kichupa.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili, katika kifungu cha 7, kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Habari asizozielewa mtu hazimnufaishi.

Basi wanafunzi wa Kiswahili wasiishie kuchambua tamathali za usemi darasani. Na waende kwa watengenezaji wadogo wa Kakamega, wakae nao, wawaandikie lebo za mistari mitano: kilichomo, kipimo, asiyefaa kupakwa, namna ya kuhifadhi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mistari mitano hiyo haitampa yeyote shahada, lakini yaweza kumwokoa mtoto.