LUMBESA YA HEWANI

Mkulima wa kwetu Ufipa anaijua lumbesa. Gunia la mahindi linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu yake, na mwenye shamba analipwa bei ya gunia moja. Tumepigia kelele kilemba hicho miaka mingi. Sheria ya vipimo inakikataza, na maofisa wa Wakala wa Vipimo husimamisha malori kwa ajili yake. Leo tunataka kusema habari ya lumbesa nyingine, isiyo na gunia wala kamba, ambayo haipiti kwenye mizani anayoiona mnunuzi. Ni kifurushi cha simu. Kwenye mahindi gunia linaongezwa juu wakati sisi tunauza. Kwenye simu gunia linatobolewa chini wakati sisi tunanunua.

Mtu wa Laela au wa Matai anakwenda kibandani na shilingi zake elfu moja, ananunua kifurushi cha siku. Anatazama picha ya mjukuu aliyeko Dar es Salaam, anauliza bei ya mahindi huko Tunduma, anazima simu alale, maana kesho kuna matuta ya kulima. Saa zake ishirini na nne zikitimia, kilichobaki kinakufa. Hakukitumia, hakumpa mtu, hakukirudisha kibandani. Asubuhi ananunua tena kitu kile kile alichokwisha kukilipia jana. Je, mwenye duka angekuuzia kilo ya sukari, kesho yake akaingia jikoni kwako na kuchota iliyobaki kwenye kopo, ati siku yako imekwisha, ungemwita nani? Mwenyekiti wa kitongoji angeamshwa hata kabla ya jua kuchomoza.

Kampuni zina jibu, nasi hatutalificha, kwa maana anayeficha hoja ya mwenzake anaiogopa. Zinasema mnara si ghala la sukari, mnara ni kama basi. Basi la Sumbawanga kwenda Mbeya likiondoka na viti vitupu, viti hivyo havihifadhiwi mpaka kesho, na abiria aliyelala na tiketi yake mkononi hangojwi. Wanasema ndiyo sababu kifurushi cha siku ni cha bei nafuu: unauziwa nafasi ya leo.

Hoja hii ina ukweli wake. Mnara unakula umeme na dizeli usiku na mchana, watu wakiutumia au wasiutumie. Lakini abiria anauziwa kiti chenye namba na saa ya kuondoka. Hauziwi kilo za safari. Sisi tunauziwa MB, na MB ni kipimo. Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe, TCRA, imeweka bei kwa kipimo hicho: bei elekezi iliyokuwa ikitajwa mwaka 2022 ilikuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB moja. Pigeni hesabu. GB moja ina MB 1,024. Kwa bei ya chini ni kama Sh 2,079, kwa bei ya juu ni Sh 9,574. Mtu anayeuza kwa mizani wakati wa kupokea fedha, kisha akageuka kuwa mwenye basi wakati wa kuchukua kilichobaki, huyo anacheza na watu. Achague moja.

Tena angalieni ukubwa wa njia hiyo, kutoka Sh 2 hadi Sh 9 na ushei. Ni zaidi ya mara nne. Kampuni inaweza kutembea ndani yake kwenda na kurudi, ikapunguza MB leo na kubadili jina la kifurushi kesho, na ukiuliza unaambiwa hakuna sheria iliyovunjwa. Ni kweli haijavunjwa. Ila sheria pana namna hiyo inamfaa zaidi anayeuza kuliko anayenunua.

Wengi wenu mnaikumbuka Ijumaa Kuu ya 2 Aprili 2021. Mwezi mmoja kabla, TCRA ilikuwa imetangaza kanuni mpya za vifurushi, na kusema kweli kanuni zenyewe zilikuwa na mambo mema. Mteja apewe taarifa anapofikia asilimia 75 ya kifurushi chake na anapokimaliza. Aweze kumhamishia mwenziwe sehemu ya alichonunua. Akinunua tena kifurushi kile kile kabla ya muda kwisha, kilichobaki kiendelee. Watu wakangoja siku hiyo kama wanavyongoja mvua ya kwanza. Basi siku ikafika, na watu walioamka kwenda Njia ya Msalaba wakafungua simu zao wakakuta fedha ni ile ile na MB zimepungua vibaya. Nchi nzima ikapiga kelele, kuanzia madereva wa bodaboda hadi wanafunzi wa vyuo. Serikali ikasitisha bei mpya siku hiyo hiyo na kuagiza za zamani zirudi.

Mambo mawili tunayasoma hapo. La kwanza, yule anayeitwa mteja mdogo si mdogo. Kelele za siku moja ziliondoa kilichopangwa kwa miezi. Lakini la pili linatuuma zaidi, nalo ni kwamba tulishangilia mapema. Tulirudishiwa bei ya zamani, hatukurudishiwa haki. Hakuna aliyesimama kudai kwamba kifurushi kisife, wala kwamba mabadiliko yatangazwe mapema kwa lugha anayoifahamu mama wa Mtowisa. Tukarudi mashambani. Novemba 2022 malalamiko ya bei za vifurushi yakalipuka tena, na waziri wa wakati huo, Ndugu Nape Nnauye, akabaki kueleza na kueleza. Tozo ya miamala nayo ilikwenda mwendo huo huo. Ilianza 15 Julai 2021, kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala, watu wakalia, ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo, na mwaka 2022 ikashushwa tena. Kila mara tunangoja tuchomwe ndipo tupige yowe.

Sasa wapo watakaosema: kama hampendi, hameni. Kule Uingereza wateja wengi hufunga mkataba na kampuni ya simu kwa mwaka au miaka miwili, na anayetaka kuondoka kabla ya muda hulipa faini. Tanzania wengi wetu hatuna mikataba hiyo, tunalipa kwanza ndipo tunatumia. Tena tangu 1 Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba yake. Ukisikia hivyo utadhani mlango uko wazi.

Mlango uko wazi kwa mtu asiye na mzigo. Mkulima wa leo benki yake ni laini. Ukihama na namba yako, fedha zilizomo haziji nawe. Huna budi kuzitoa kwanza, na kuzitoa kuna makato. MB ulizokwisha kulipia unaziacha nyuma. Hiyo ndiyo faini yetu ya kuondoka, ila haikuandikwa popote kwa jina hilo. Halafu kuna ndugu zetu wa bonde la Rukwa na wa ukanda wa Ziwa Tanganyika, ambao katika vijiji kadhaa wana mnara mmoja tu unaoshika vizuri. Mtu huyo ahamie wapi? Kumwambia ahame ni sawa na kumwambia anayekunywa maji ya kisima kimoja kwamba kisima kingine kiko ng'ambo ya mlima Mbizi.

Wala asitokee mtu wa kutuambia tatizo ni wageni, tuwafukuze mambo yaishe. Tunapenda nchi yetu kuliko hao wanaopiga kifua, na kwa hiyo tunasema ukweli wote. Ni kweli Vodacom mzizi wake uko Afrika Kusini na Halotel ni ya Viettel ya Vietnam. Lakini katika Airtel Tanzania Serikali yetu ina hisa asilimia 49 tangu 2019, na TTCL ni mali ya umma. Juu ya huduma hii Serikali inachukua ushuru wa bidhaa na VAT. Kwa maneno mengine, mwenye gunia na mwenye mizani wanakula sahani moja. Hatusemi ni kosa Serikali kuwa na hisa. Wazee wetu walidai njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na Azimio la Arusha la 1967 liliyaandika hayo. Tunasema mali ya umma ionyeshe mfano. Kama kampuni yenye hisa za wananchi inaua kifurushi cha mwananchi saa ile ile ambayo kampuni ya mgeni inakiua, tumefaidi nini kuwa wenye mali?

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Afrika Kusini watu walipiga kelele za bei ya data mwaka 2016, na mwaka 2019 msimamizi wa mawasiliano wa nchi ile akazilazimisha kampuni zimruhusu mteja kupeleka mbele kiasi kilichobaki na kumhamishia mwingine, na zisimkate fedha za nje ya kifurushi bila idhini yake. Kenya, Oktoba 2019, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na mwisho wa muda. Hata hapa kwetu vifurushi visivyo na ukomo vipo, ila bei yake inamtisha mtu wa kipato kidogo, na wenye vibanda hawavitaji mpaka uvidai.

Kwa nini tunang'ang'ania jambo hili wakati Ufipa kuna habari ya mbolea na barabara? Kwa sababu hata mbolea imeingia ndani ya simu. Tangu msimu wa 2022/23 mkulima wa mbolea ya ruzuku anasajiliwa, na namba yake ya kununulia inamjia kwa simu. Mwalimu wa shule ya kijijini anatuma takwimu za wanafunzi kwa kifurushi alichonunua kwa mshahara wake. Sisi tuliosomea ualimu tunalijua hilo kwa mifuko yetu. Mwaka jana kampuni moja, ambayo hatutaitaja, ilitubadilishia kifurushi cha wiki katikati ya mwezi bila neno. Tulipopiga huduma kwa wateja tukaelezwa kwa upole mwingi kwamba kifurushi hicho "hakipo tena." Sauti ilikuwa nzuri sana.

Na wanachama wetu nao wana la kujibu. Tumekaa vikao vya tawi tukiwalaani wenye kampuni, kisha mtu anatoka nje na kufuta ujumbe wa ununuzi ili simu isijae. Huo ujumbe ndio stakabadhi! Unaonyesha kiasi, saa na muda wa mwisho. Mkulima asiye na stakabadhi ya mizani akienda kushitaki anachekwa, nasi tutachekwa vile vile. Makatibu wengine wa matawi hawajui hata kwamba malalamiko yanaanzia kwenye kampuni yenyewe, upewe namba ya lalamiko, na usiporidhika ndipo yanakwenda TCRA, ambayo ofisi yake ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Hakuna mtu mmoja atakayepanda basi kwenda Mbeya kwa ajili ya MB zenye thamani ya shilingi mia nne. Kampuni zinajua hivyo. Ila malalamiko ya watu mia tatu katika bahasha moja yanaweza kubebwa na mtu mmoja.

Basi kuanzia wiki hii kila tawi la Sumbawanga, Kalambo na Nkasi lifungue daftari. Tarehe ya kununua, jina la kifurushi, fedha iliyolipwa, kiasi kilichoahidiwa, kiasi kilichokufa. Wasiojua kuandika waandikiwe na vijana, na mtu asiulizwe ni mwanachama au si mwanachama. Namba ya simu ya mwenye lalamiko iandikwe kwa ridhaa yake tu, na namba ya siri asiulizwe na mtu yeyote, hata awe katibu. Mkija Jumapili baada ya ibada, njooni na simu zenye ujumbe ambao haujafutwa. Kalamu ziko ofisini.