Homa ya mtoto aliyetoka likizoni

Shule zinapofungwa Agosti na Desemba, watoto wengi wa Nairobi hupelekwa mashambani kuwaona babu na nyanya. Hilo ni jema. Lakini wiki moja au mbili baada ya kurejea mjini, mzazi huenda akamkuta mtoto ana joto jingi, anatetemeka na kutapika. Humpa dawa ya kushusha homa, mwili ukapoa, na nyumba nzima ikalala ikidhani ni mafua tu.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo hatari ilipo. Dawa hiyo hupunguza joto, haiui vimelea vya malaria. Malaria ni nadra kupatikana Nairobi kwenyewe, kwa hivyo mtoto aliyekulia hapa hana kinga waliyo nayo binamu zake wa Siaya au Kwale. Akiambukizwa huko, ugonjwa huweza kumlemea upesi. Tena dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati safari yenyewe imekwisha kusahauliwa.

Basi mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Usingoje kuulizwa: mwambie daktari mtoto alikuwa wapi na alirudi lini. Tone la damu kidoleni latosha, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 au 20. Ikiwa ni malaria isiyo kali, kwa kawaida hupewa tembe za AL mara 6 kwa siku 3. Hakikisha amezimaliza, hata akianza kucheza siku ya pili. Usibahatishe dawa dukani. Klorokwini waliyoitegemea wazazi wetu iliachwa kuwa tiba ya kwanza nchini mwaka wa 1998, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea.

Na kipimo kisipoonyesha malaria, usirudi nyumbani kabla sababu ya homa haijatafutwa. Nimonia na homa ya uti wa mgongo huanza vivyo hivyo. Mtoto akishikwa na degedege, akishindwa kunywa, akitapika kila anachopewa, akikaza shingo au akilala asiamshike, usingoje kuche. Wako wanaosema degedege ni pepo. Huko kwa mganga ndiko saa za kumwokoa hupotelea.

Likizo ijayo, unapofunga sanduku la mtoto, tia chandarua chenye dawa kabla ya nguo.