Kazi Moja, Mambo Matatu
Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yakiwa yameivamia Kagera, Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam akaitaja kazi moja: kumpiga mvamizi. Akaijengea hoja kwa mambo matatu tu: uwezo upo, sababu ipo, nia ipo. Hadi leo Watanzania wanayakumbuka. Lakini wasemaji wetu wengi wa sasa hutumia robo saa kutaja vyeo vya meza kuu, kisha husoma wameinamia karatasi, na wananchi huondoka hawajui wameombwa kufanya nini. Ndugu msemaji, kabla hujashika kipaza sauti, andika ujumbe wako kwa sentensi moja. Ukishindwa, bado hujajiandaa. Ukiweza, inua macho, useme, utoe sababu, kisha ukae.