Kuchanga karata si kulimbikiza karata

Malipo ya ufuta yanapoingia benki, mfanyabiashara mdogo wa Kilwa huulizwa swali moja nyumbani, msikitini na barazani: fedha hii itakwenda wapi? Safari hii swali nililetewa mimi. Binamu yangu wa Kilwa Masoko, mkulima wa ufuta mwenye duka la rejareja, alipata ushauri kutoka kwa shemeji yake aliyeko Muscat. Shemeji anasema kuna karata za mchezo zinazochapishwa Marekani ambazo mtu akinunua maboksi na kuyaweka kabatini bila kuyafungua, baada ya miaka michache huuza kwa faida ambayo hakuna benki inayoweza kuitoa. Binamu alitaka kutia humo nusu ya fedha ya msimu.

"Kaka, wewe umesoma biashara," aliniambia. "Niambie ndiyo au hapana."

Jibu langu ni hapana. Hata hivyo, safu hii ingekosa maana kama ingeishia hapo, kwa sababu wachezaji wa karata hizo wana jambo ambalo wafanyabiashara wa pwani ya Lindi wangefaidika kulijua. Makosa ya shemeji ni kutazama karata na kumsahau mchezaji.

Pwani yetu haikuanza kujua karata jana. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505 wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaihama. Katika pwani kwa jumla walikaa muda mrefu zaidi, na lugha yao imebaki kwenye majamvi yetu: karata, turufu, kopa na shupaza ni maneno yenye asili ya Kireno. Katika mchezo wa barazani wote hutumia pakiti moja. Mmoja huchanga, mwingine hukata, na kila mtu hupokea alichojaliwa. Asiyepata turufu humlaumu mgawaji.

Karata za shemeji ni za namna nyingine. Maarufu kuliko zote huitwa Magic: The Gathering. Zilibuniwa na mtaalamu wa hisabati, Richard Garfield, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui atakuta nini ndani. Zipo za kawaida na zipo adimu. Kila mchezaji hukusanya zake, huchagua anazozitaka na kupanga fungu lake nyumbani kabla ya kwenda kwenye mashindano. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Milwaukee, Marekani, mwaka 1994. Bahati ipo, maana fungu huchangwa kabla ya kucheza, lakini aliyepanga vibaya hana mgawaji wa kumlaumu.

AHADI YA MCHAPAJI

Tuanze na hoja ya shemeji. Ni kweli karata chache za mwaka 1993 zinauzwa leo kwa bei ya nyumba. Mwaka 2022 mwanamuziki Post Malone alieleza kwamba alilipa dola 800,000 kwa karata moja ya Black Lotus iliyotiwa saini na mchoraji wake. Habari kama hiyo husafiri haraka hadi Muscat, na kutoka Muscat hadi Kilwa.

Lakini tuulize kama tunavyouliza kwa bidhaa yoyote: nani anashika ugavi? Ufuta unashikwa na ardhi, mvua na jembe. Karata inashikwa na mtambo wa kuchapisha, na mtambo una mwenyewe. Toleo la kwanza la nyongeza, Arabian Nights la Desemba 1993, lilitokana na hadithi ambazo sisi tunazijua kwa jina la Alfu Lela Ulela. Lilichapishwa kwa uchache, bei zikapanda, na waliolimbikiza wakajiona matajiri. Mwaka 1995 kampuni ilitoa toleo la Chronicles, ikarudia kuchapa karata nyingi za matoleo hayo ya mwanzo. Bei za zile zilizorudiwa zikaanguka. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1996 kampuni ilitangaza orodha ya karata ambazo iliahidi kutozichapa tena.

Msomaji aone hapo thamani ya kabati zima inasimama juu ya nini: ahadi ya mchapaji. Hasbro iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2022 mauzo ya Magic yalivuka dola bilioni 1. Mwaka huohuo ilitoa toleo la miaka 30 lenye nakala za karata za mwanzo, ikiwamo Black Lotus, kwa dola 999 kwa pakiti 4 zenye karata 60 kwa jumla, na karata hizo haziruhusiwi hata katika mashindano rasmi. Novemba 2022 Bank of America iliwashauri wateja wake kuepuka hisa za Hasbro, kwa hoja kwamba kampuni inachapa karata kupita kiasi na kuua thamani yake. Hisa hizo zilishuka bei siku hiyohiyo.

Ikiwa benki kubwa ya Marekani inaogopa mtambo huo, mkulima wa Kilwa anaupimaje? Ufuta wake una mnada na wanunuzi wanaoshindana kwa bei. Boksi lake la karata mnunuzi wake yuko ng'ambo, na kabla ya kulifikia kuna nauli, ushuru, hofu ya karata bandia na mchuuzi wa kati anayenunua chini ili auze juu. Bei iliyoandikwa kwenye orodha si fedha mkononi.

FUNGU LA KARATA 60

Sasa tumtazame mchezaji, maana ndiye mwalimu wetu.

Katika mashindano ya kawaida fungu halipungui karata 60, na karata ya jina moja haizidi nakala 4, isipokuwa zile za msingi ziitwazo ardhi. Hakuna sheria inayokataza kuleta 80. Hata hivyo mchezaji makini huishia 60 kamili. Kwa nini? Ni hesabu. Mchezo huanza kwa karata 7 mkononi. Ukiwa na nakala 4 za karata yako bora katika 60, nafasi ya kuanza na angalau moja ni karibu 40 kwa 100. Ukiongeza karata 20 za "huenda zikafaa", nafasi hiyo hushuka hadi 31 kwa 100. Hukupoteza hata karata moja nzuri. Umeizika tu chini ya zisizo na kazi.

Ingia maduka yetu kutoka Somanga hadi Lindi mjini utaona mafungu ya karata 80. Sabuni aina kumi na mbili, kandambili za rangi ambayo haijaulizwa tangu Idi iliyopita, betri, madaftari, vyombo vya plastiki, na mafuta ya kula yamekwisha tangu juzi. Mwenye duka anasema anapanua biashara. Mtaji wake umelala rafuni, na mteja aliyekuja na fedha kwa ajili ya mafuta amevuka barabara.

Chuoni tulifundishwa kutawanya mtaji ili kutawanya hatari. Somo hilo ni sahihi, lakini lina mpaka. Kutawanya kwa maana ni kuwa na vitu vichache vinavyosaidiana. Kuongeza kitu kwa sababu tu hukuwa nacho ni kulimbikiza.

KARATA ZA MWANZO

Somo la pili ni la mzunguko wa fedha. Kila zamu mchezaji huruhusiwa kuweka mezani ardhi moja, na ardhi ndizo zinazolipia karata nyingine. Zamu ya kwanza ana uwezo wa kulipia karata ya gharama ya 1, ya pili 2, na kuendelea. Aliyejaza fungu lake karata nzito za gharama ya 6 hukaa mikono mitupu zamu tano huku mwenzake akimpiga.

Mwaka 1996, katika mchujo uliofanyika Atlanta, Paul Sligh alishika nafasi ya pili kwa fungu lililobuniwa na Jay Schneider. Karata nyingi humo zilidharauliwa na wakusanyaji. Siri ilikuwa mpango: gharama ndogo kwa wingi, za kati kiasi, nzito chache, hivyo kila zamu uwezo wote ulitumika. Wachezaji wakaanza kuiga. Karata zilizoshinda hazikuwa zile za kabatini.

Pwani yetu inao mpangilio huo kwa asili, ila hatuupangi. Unga, sukari na mafuta ya kula vinarudisha fedha kila siku. Hizo ni karata za 1. Pweza hupatikana vizuri maji ya bamvua yanapokupwa, mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni karata ya 2. Ufuta ni wa katikati ya mwaka. Korosho, ambayo minada yake huanza Oktoba, ni karata nzito ya mwisho. Mtu aliyeweka kila shilingi kwenye korosho huanza kukopa Machi, na akifika Oktoba sehemu ya mauzo ni ya mkopeshaji.

Kuhusu mikopo pia mchezo una neno. Mwaka 1995 ilitoka karata iitwayo Necropotence. Mchezaji huanza na uhai 20, na karata hii humruhusu kulipa uhai ili apate karata zaidi. Wengi waliiona mbaya: nani auze uhai wake? Kufikia kiangazi cha 1996 ilikuwa imetawala mashindano. Waliofanikiwa nayo walielewa kwamba uhai ni mtaji, na anayeubadilisha kuwa karata zinazomaliza mchezo haraka hufaidika. Mkopo ni vivyo hivyo. Wa kununulia bidhaa inayouzika ndani ya wiki mbili unaweza kukujenga. Wa kununulia kitu cha kukaa kabatini unakula uhai bila kuleta karata.

KARATA 15 ZA PEMBENI

Somo la tatu ndilo ninalotaka wasomaji walikate na kulibandika dukani. Pamoja na fungu la 60, mchezaji anaweza kuja na karata 15 za pembeni. Baada ya mchezo wa kwanza, akishajua mpinzani amekuja na nini, huingiza baadhi na kutoa nyingine. Jumla ni 75, na 15 ni sehemu moja ya tano.

Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika maeneo ya Somanga. Malori yakasimama. Mwenye sehemu moja ya tano ya mtaji pembeni aliweza kununua alichokipata karibu na kuendelea kuuza. Ambaye kila senti yake ilikuwa ndani ya lori alisubiri barabara.

Wapo watakaosema mchezo una sheria zinazojulikana, na soko letu halina. Hoja hii ina uzito. Novemba 2018, baada ya mvutano wa bei, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanunuzi binafsi wakawekwa kando. Mfanyabiashara aliyejiandaa kwa ajili ya wanunuzi hao alikuta uwanja umebadilika usiku mmoja. Lakini hata katika Magic wasimamizi hufungia karata. Mchezaji aliyejenga fungu lake lote juu ya karata moja hulala bingwa na kuamka hana kitu. Sheria zinazobadilika zinazidisha haja ya karata za pembeni; haziiondoi.

Basi nilimwambia binamu hivi. Kama mchezo wenyewe unampendeza, anunue pakiti chache, acheze na wenzake, na fedha hiyo aihesabu kuwa imetumika kama ya mpira au sinema. Fedha ya ufuta aigawe mafungu matano. Moja asiiguse, iwe pembeni. Mbili ziingie kwenye bidhaa za kila siku zisizozidi anazoweza kuzihesabu bila daftari. Moja iwe ya mzunguko wa kati, pweza au usafirishaji. Moja isubiri korosho.

Alikaa kimya, kisha akauliza kama ile ya tano haiwezi kwenda Muscat. Nikamwomba anitajie mtu mmoja kati ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko ambaye angemuuzia boksi hilo siku mtoto akiugua. Hakumpata.

Mwenye kabati lililojaa karata adimu anaweza kuondolewa mashindanoni na kijana mwenye fungu la bei poa lililopangwa vizuri. Kiswahili kina msemo wa siku nyingi kwamba fulani amezichanga vyema karata zake. Tukiusema tunasifu mpango wa mtu, na hatuulizi anazo karata ngapi. Kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, kila mwenye duka na ahesabu zake: zipi zinacheza, zipi zimelala, na zipi ziko pembeni.