Moyo Hulimwa na Mwenyewe

Siku ya soko pale Karatina, mtu akikaa kidogo karibu na wauzaji wa viazi hatakosa kusikia watu wakielezana taabu zao. Huyu hana raha kwa sababu malipo ya kahawa yamechelewa. Yule ameanza ulevi kwa kuwa mkubwa wake wa ofisi alimpandisha cheo kijana mwingine. Wa tatu hajasema na nduguye tangu baba yao alipogawa shamba. Mara nyingi maneno yao ni ya kweli. Huenda mkubwa alipendelea, na huenda mpaka ulipindwa. Lakini wakiulizwa, "Basi wewe utafanya nini na hasira hiyo?" hunyamaza, au husema watapona siku mkosaji atakapokuja kuomba radhi. Watu hao wamempa adui ufunguo wa nyumba yao wenyewe.

Katika mji huo huo alifanya kazi mtu aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuhamaki. Gakaara wa Wanjau alizaliwa mwaka 1921 katika wilaya ya Nyeri, akasoma Tumutumu na kisha Alliance, akatumika jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 aliandika kijitabu kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, na jina hilo latosha kuonyesha nia yake. Mwezi wa Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, alikamatwa kwa ajili ya maandiko yake, bila kuhukumiwa na mahakama yoyote. Alitiwa kizuizini Kajiado, kisha akapelekwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na baadaye Athi River na Hola.

Mtu aliyezoea baridi ya Mlima Kenya aliwekwa katika joto na mchanga wa pwani, mbali na mkewe, asijue siku ya kurudi. Jambo hilo la mwisho lataka kufikiriwa. Mfungwa aliyehukumiwa huhesabu siku zilizosalia, lakini mtu wa kizuizini hana cha kuhesabu. Hapo moyo huharibika upesi: mtu hulala mchana, hugombana na wenziwe kwa kijiko cha chumvi, na husahau hata yale aliyoyajua. Gakaara alishika kalamu. Aliandika habari za kambi na za wafungwa wenziwe, kwa tarehe zake, akayaficha maandiko yale ili yasichukuliwe.

Kuandika hakukumfungulia lango. Wala si haki kumwambia mtu aliyefungwa kwamba huzuni yake ni kosa lake. Wako washauri wa namna hiyo, na ingekuwa afadhali wakae kimya. Waliomfunga wana hesabu yao. Hata hivyo palibaki sehemu moja ambayo askari hakuweza kuilinda wala kuilima, nayo ni yale mtu ayafanyayo ndani mwake na yaliyompata. Aandikaye hulazimika kuchagua maneno, kutaja nani alisema nini, na yeye mwenyewe alijibu vipi. Hasira iliyoandikwa na tarehe yake huweza kukaa katika tarehe hiyo. Isiyoandikwa hutembea, na jioni humfikia mke na watoto ambao hawakuhusika.

Alipoachiliwa hakutumia maisha yake yote kuwangojea waliomkosea. Alianzisha kazi ya kuchapa vitabu Karatina, akaendelea kuandika na kuchapisha kwa lugha ya Kikuyu. Maandiko ya kizuizini yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1983, na mwaka 1984 kikapata zawadi ya Noma, iliyokuwa ikitolewa kwa vitabu vya Afrika. Mwenyewe alifariki mwaka 2001.

Karani aliyenyimwa cheo hana haja ya kuficha daftari lake, maana hapana askari atakayemnyang'anya. Mkulima asiyesema na nduguye aweza kuanza jioni ya leo, ng'ombe wakiisha kukamuliwa. Na aandike yote yaliyotokea siku ile shamba lilipogawanywa, pamoja na lile neno alilolisema yeye mwenyewe, ambalo mpaka sasa hajamsimulia mtu.