DAMU NI AMANA

Hapa Miembeni, mjini Bukoba, kama penginepo nchini, haipiti miezi mingi bila kusikia ya kuwa mama ametokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto ameishiwa damu kwa malaria, na jamaa watafutwa mbio wakatoe. Kumkimbilia ndugu katika shida ni desturi njema. Lakini leo twawauliza wasomaji wetu: damu hiyo, kabla ya kuingia katika mshipa wa mgonjwa, hupimwa nini?

Kwanza hutazamwa kundi lake, kama ni A, B, AB au O, na kama ina alama ya Rh au haina. Kwani damu isiyopatana na ya mgonjwa yaweza kumwua. Kisha hutafutwa maradhi manne: virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Ikionekana na moja tu kati ya hayo, damu hiyo haipewi mtu.

Mkoa wa Kagera haukufundishwa jambo hili na vitabu. Ni hapa ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa, mwaka 1983. Wakati huo hapakuwa na kipimo popote duniani. Kilipatikana mwaka 1985. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianzishwa mwaka 2004, ili damu ikusanywe kwa watu wanaojitolea, na kupimwa kwa utaratibu mmoja.

Hata hivyo, kipimo kina mpaka wake. Mtu aliyeambukizwa juzi aweza kuwa na virusi ambavyo kipimo bado hakivioni. Siku hizo huitwa kipindi cha dirisha. Ndiyo sababu mtoaji huulizwa maswali ya mwenendo na afya yake kabla ya kuchomwa sindano. Hapo hakuna chombo kiwezacho kumlinda mgonjwa ila ulimi wa kweli wa mtoaji.

Basi tufikiri. Kijana aliyeletwa na ukoo mzima, wakwe wakimngoja mlangoni, ataweza kusema, "Mimi sifai"? Wengi watanyamaza kwa haya, na haya hiyo yaweza kumpa mgonjwa maradhi badala ya uzima. Tena wako waendao kutoa damu ili wajue kwa siri kama wana UKIMWI. Huko ni kukosa. Kupima UKIMWI ni bure katika vituo vya afya vya Serikali, na atakaye kujua hali yake aende huko.

Dawa ya mambo haya ni kutoa damu siku za raha, pasipo kushurutishwa. Mwenye afya njema, wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi, aweza kutoa: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Ndugu wafanyakazi, na ndugu wanachama wa matawi, jiandikisheni kwa makundi. Wala msidai malipo, kwa maana damu si bidhaa.

Maabara hupima damu. Dhamiri ya mtoaji hupimwa na yeye mwenyewe, naye asiyefaa leo akisema kweli na kurudi nyumbani, amemwokoa mtu.